Sauti ya Mwalimu Kwenye Diski C

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la kinyozi, pale mitaa miwili inapokutana, na ukuta unapoanza kutoa kivuli saa tisa alasiri. Ubao ulikuwa umeng'aa kwa kukaliwa, na kila mtu alikuwa na nafasi yake kama mtoto darasani. Upande wa barabarani alikaa Hakimu, fundi viatu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna ugomvi uliopita mbele yake asiutolee hukumu, hata ugomvi wa kuku. Katikati alikaa Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye kukaa kwake kulikuwa kwa kuibia tu, maana mara nyingi palikuwa na mteja ndani anayesubiri na povu kidevuni. Baada yake alikaa Solda, fundi wa redio, simu na kompyuta, vidole vyake vimejaa makovu madogo ya kuungua. Mwisho kabisa, penye kona ya ukuta, palikuwa pa Mzee Stoo, aliyetunza stoo ya vifaa vya shule kwa miaka thelathini na miwili, na aliyestaafu bila kupoteza hata kipande cha chaki. Mwuza kahawa, Birika, hakuwa na nafasi kwenye ubao. Yeye alisimama, akamimina, akasikiliza, na alipoona mazungumzo yanapoa aliyachochea kama makaa yake.

Alhamisi ile Mzee Stoo alifika kivuli kikiwa bado hakijafika. Akakaa juani, kofia magotini, akasubiri. Wenzake walipoanza kuja mmoja mmoja walimkuta ametulia kama mzigo uliosahauliwa kituoni.

— Shikamoo, mzee. Mbona umejianika? — aliuliza Wembe, taulo begani.

— Marahaba. Nimekuja na swali.

— Swali la nini tena?

— La kompyuta.

Wote wakamgeukia Solda. Solda akajikuna shingo.

— Si nilikurudishia jana asubuhi? — alisema, haraka kidogo. — Ilikuwa inatambaa kama konokono, sasa inakimbia. Au haikimbii?

— Inakimbia, mwanangu. Kwa hilo sina neno. Ila picha zimepungua.

Birika alikuwa anamimina. Akasitisha mkono, kahawa ikaning'inia kwenye mdomo wa birika.

— Zimepungua vipi? Picha ni mchele?

— Nimefungua folda ya picha jana mchana. Zinakuja vizuri tu. Ya harusi ipo. Ya binti yetu siku ya kwanza kwenda shule ipo, soksi moja juu moja chini. Ya Mwalimu kasimama mlangoni pa darasa na chaki mkononi ipo. Halafu zinakatika. Miaka minne ya mwisho haipo. Na ile video haipo.



Mwalimu alikuwa mke wa Mzee Stoo. Alifundisha darasa la kwanza kwenye shule ya jirani kwa miaka mingi, kiasi kwamba karibu wote waliokuwa pale benchini walishika penseli kwa mara ya kwanza mbele ya macho yake. Hakuna aliyewahi kumwita kwa jina. Alipopita pale kwenye kona na kapu lake la madaftari, wanaume wazima wenye ndevu walikaa wima na kuficha sigara. Alifariki miezi minane iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mrefu.

— Video ipi, mzee? — aliuliza Hakimu, kwa upole ambao haukuwa kawaida yake.

— Nilimrekodi mwenyewe kwa simu. Amekaa kizingitini, anasahihisha madaftari, anaongea. Dakika kumi na moja. Ndiyo hiyo moja tu yenye sauti yake. Nyingine zote ni picha, hazisemi.

— Na simu uliyorekodia?

— Ile simu ilikufa kabla yake. Solda ndiye aliyeizika.

— Ilikunywa maji ya mtungi mzima, — alisema Solda, akiangalia chini.

Mzee Stoo akaendelea, sasa akiongea kama anayesoma hati ya mzigo, neno kwa neno, asiruke kitu.

— Binti yangu anakuja Jumamosi. Mazishi hakuyawahi, mnajua, alikuwa mbali na mimba imekuwa kubwa, daktari akamkataza kusafiri. Ile video nilijaribu kumtumia, ikawa nzito, ikagoma. Nikamwambia utaiona ukija. Juzi amenipigia simu. Akasema, "Baba, usihangaike kupika, usininunulie kitu. Mimi nataka nimsikie mama tu." Sasa leo ni Alhamisi.

— Kesho Ijumaa, — alisema Birika, kwa kukosa neno lingine.

— Asante kwa taarifa, — alisema Wembe. — Mimina kahawa.

Vikombe vikazunguka. Na kwa kuwa watu wa benchi lile hawakujua njia nyingine ya kumfariji mtu isipokuwa kubishana mbele yake, wakaanza.

— Hao ni virusi, — alisema Wembe. — Mimi nina mteja, kijana wake alipoteza muhtasari wote wa chuo. Virusi vinakula.

— Vinakula miaka minne ya mwisho tu, ya mwanzo vinaacha? — aliuliza Birika.

— Wewe ukiwekewa mkate wa leo na mkate wa juma lililopita, utaanza na upi? Virusi si wajinga.

— Hapana, hapana, — alisema Hakimu, akikung'uta kiatu alichokuwa anakishona, maana kazi hakuiacha hata akikaa benchini. — Tuanze mwanzo. Mzee, hizi picha zilikuwa wapi, na zilikwenda wapi?

— Zilikuwa diski C. Zikahamia diski D.

— Hizo C na D ni kompyuta mbili?

— Kompyuta moja, — Solda aliingilia. — Ni kama nyumba yenye vyumba viwili. Chumba C ndicho kompyuta yenyewe inapolala, inapovaa, inapopikia. Chumba cha mzee kilikuwa kimejaa mpaka mstari umekuwa mwekundu, kompyuta haina pa kugeukia. Chumba D kitupu, kikubwa, hakuna mtu. Nikamwambia, mzee, folda yako ya picha tuibadilishie makao, iende D. Ukibofya Picha, yenyewe inakupeleka D. Nilimwonyesha wiki tatu zilizopita.

— Basi hukumu iko wazi, — alisema Hakimu. — D ilijaa. Zilizozidi zikamwagika.

— Zikamwagikia wapi?

— Mzee, umeangalia chini ya kompyuta? — aliuliza Hakimu.

Birika akacheka, kisha akajikamata. Mzee Stoo hakucheka. Asubuhi ile alikuwa ameinama kweli, akaangalia chini ya meza, akaona vumbi na kofia ya kalamu nyekundu.

— Tuache mzaha, — alisema Solda. Sauti yake ilikuwa imepanda kuliko mazungumzo yalivyohitaji. — Mzee, redio yako umeiweka wapi?

— Kando ya kompyuta.

— Ehe! Spika ya redio ina sumaku. Sumaku na diski ni maadui. Unaweza kukaa unasikiliza taarifa ya habari, kumbe sumaku inavuta picha moja moja.

— Miaka kumi redio iko palepale, — alisema Mzee Stoo.

— Sumaku haina haraka. Na umeme je? Jumatatu ulikatika mara tatu. Kila ukikatika, diski inashtuka, na diski ikishtuka inasahau. Na vumbi. Na joto la bati. Mzee, lile bati lako...

— Solda, pumua, — alisema Wembe. — Mimi nawaambia jambo moja, na mkinicheka shauri yenu. Kuna watu huko juu wanakusanya sura. Wana mashine wanazozifundisha kujua binadamu anavyozeeka. Wanataka picha za karibuni. Nani ana haja na picha ya harusi ya zamani? Wanachukua za karibuni. Usiku kompyuta imezimwa, taa ndogo ya kijani inawaka. Mmewahi kujiuliza inawaka kwa ajili ya nani?

— Inawaka kwa ajili ya chaji, — alisema Birika.

— Ndivyo walivyokwambia.

Mzee Stoo aliwasikiliza wote. Alizichukua sababu zao moja moja na kuzijaribu, kama mtu mwenye fungu la funguo mbele ya kufuli moja. Alitamani moja iingie. Hata ile ya wakusanya sura angeipokea kwa mikono miwili, maana mtu akiibiwa anaweza kuhuzunika akiwa safi.

Kwa sababu kuna jambo hakuwaambia.

Siku ile Solda alipomwonyesha jinsi ya kuhamisha folda, walifika pazuri. Bofya kulia, fungua sifa zake, tafuta mahali, chagua diski D. Hapo simu ya Solda ikalia, mteja akamwita, akanyanyuka. Akiwa mlangoni akasema, "Mzee, itakuuliza swali moja, lijibu tu, mambo yamekwisha." Na kweli kompyuta ikauliza. Mzee Stoo alivaa miwani akasoma mara tatu. Ilitaka kujua kama ihamishe faili zote zilizo mahali pa zamani ziende mahali papya. Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Sasa, mtu aliyetunza stoo miaka thelathini na miwili ana taratibu zake. Mzigo ukihama kutoka stoo moja kwenda nyingine, kwanza unaandikwa kwenye leja ya stoo mpya. Kisha mtunza stoo mwenyewe anaubeba, au anasimama ubebwe mbele yake, anafungua kila boksi, anatazama, anaita, anaweka alama. Asiyetazama hujikuta siku moja na maboksi arobaini ya chaki ambayo ndani yake mna mawe. Hilo lilimkuta mwenzake wa shule nyingine, akafukuzwa. Mzee Stoo hakuwahi kumruhusu mpagazi abebe kitu ambacho yeye hajakigusa. Iweje aiachie mashine imbebee mke wake?

Akabofya Hapana.

Tangu siku hiyo, folda ya Picha ikawa inafungukia diski D, na picha zenyewe zikabaki nyuma, kule C, mahali pa zamani. Kila alasiri baada ya chakula alikaa akazibeba kwa mkono. Anafungua moja, anaitazama, anaikata kule, anaibandika huku, anaiwekea alama kwenye daftari. Wiki ya kwanza alibeba nyingi, thelathini, arobaini kwa siku, na kuna wakati alicheka peke yake. Wiki ya pili miaka ikaanza kusogea. Picha zikafika kule ambako Mwalimu amekonda. Akabeba kumi. Siku iliyofuata akabeba tatu. Ikaja ile ambayo amefunga kitambaa kichwani kwa sababu nywele zimekwisha, naye anatabasamu kama mtu aliyefumaniwa. Mzee Stoo akaitazama mpaka chai ikapoa, akaifunga bila kuihamisha. Kesho yake hakukaa kwenye kompyuta. Wala keshokutwa. Video ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mstari, na sheria yake mwenyewe ilisema kitu hakihami bila kufunguliwa.

Kisha Jumatatu Solda akaja, moyo wake mweupe, akamwambia, "Mzee, naichukua. Nataka niifute C yote niweke mfumo upya. Picha zote zimeshahama?"

Na Mzee Stoo akajibu, "Zimehama." Kwenye daftari lake alikuwa ameziorodhesha zote tangu siku ya kwanza, zilizobebwa na zisizobebwa. Aliona haya kumwambia kijana kwamba amebakiza mzigo kwa sababu anaogopa kufungua boksi moja.

— Mimi naona hivi, — Hakimu alikuwa anasema. — Na ninasema kwa heshima. Kompyuta inajua. Mtu akishatutoka, ile mashine inaona haya kuendelea kumwonyesha akiwa anaumwa. Inambakiza alipokuwa mzima. Ndiyo maana imekatia pale, ana chaki mkononi.

Hakuna aliyemcheka. Wembe hata alisahau mteja wake, ambaye sasa alikuwa ametokeza mlangoni, povu limekauka, akasikiliza kidogo, akarudi ndani bila kulalamika.

— Samahani, wazee wangu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Wiki chache nyuma alikuwa amefungua duka la kupiga chapa na kutoa nakala upande wa pili wa barabara. Wembe alikwisha kumpa jina, Mama Nakala, lakini hakuwa amewahi kuvuka barabara kuja pale. Leo alikuja na kikombe chake mwenyewe kutoka nyumbani, anataka kahawa.

— Karibu, mama, — alisema Birika. — Usiwajali hawa. Wanatafuta picha.

— Nimesikia kutoka kule dukani. Hamsemi kwa siri. — Akamgeukia Mzee Stoo. — Pole, mzee wangu. Naomba kuuliza kitu kidogo tu. Ulipohamisha ile folda, kompyuta haikukuuliza swali?

— Iliuliza.

— Ukajibu nini?

Mzee Stoo akaigeuza kofia yake magotini, mara moja, mara mbili. Wote walikuwa wanamtazama. Aliyepasuka kwanza hakuwa yeye.

— Mama, usimsumbue mzee! — Solda alikuwa amesimama, kahawa imemwagikia suruali. — Hilo swali si lake. Kosa ni langu. C nimeifuta mimi. Kila siku kabla sijafuta diski ya mtu lazima nichungulie ndani, faili kwa faili, hata mteja akiapa. Ya mzee sikuchungulia. Nikasema huyu ni mtu wa stoo, huyu akisema kimehama kimehama. Nikafuta. Tangu aliposema zimepungua nimejua. Sumaku, umeme, bati, vyote hivyo nilikuwa natafuta pa kujificha.

Akakaa. 

— Nilijibu hapana, — alisema Mzee Stoo.

— Hapana? — Wembe akashangaa. — Mzee, inakuuliza ikubebee zote, unasema hapana?

— Nilitaka kuzibeba mwenyewe.

Akawaeleza. Aliwaeleza yote, daftari, kitambaa kichwani, chai iliyopoa, na lile neno alilomjibu Solda siku ya Jumatatu. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipomaliza, Hakimu alikuwa ameweka sindano yake chini.

— Kwa hiyo zilikuwa bado zipo, — alisema Birika taratibu. — Mpaka Jumatatu zilikuwa zipo palepale.

— Zilikuwepo. Nilizitia mimi kwenye orodha ya vilivyoondoka.

Mama Nakala akavaa miwani yake, kama mtu anayetaka kusoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

— Tusikate tamaa upesi. Kitu kikifutwa si kwamba kimekwenda siku hiyohiyo. Kinakuwa kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Ukitazama vizuri unaona maandishi ya jana. Wapo mafundi wanaoweza kuyasoma. Shida ni pale ukishaandika mengine juu yake. — Akamtazama Solda. — Baba, baada ya kuifuta, uliweka mfumo tu, au kuna kingine?

Solda akaufunika uso kwa viganja.

— Solda, — alisema Wembe. — Mama anakuuliza.

— Nyimbo, — alisema Solda.

— Nyimbo chache?

— Nilijaza. — Alisema hivyo ndani ya viganja vyake. — C ilikuwa tupu, nyeupe, nikaona nimwekee mzee nyimbo za zamani. Za enzi zao. Nilikusanya siku nzima, mpaka nikaenda kwa watu kuomba. Nilitaka iwe zawadi. Nilitaka nyumba isiwe kimya.

Mama Nakala akavua miwani. Akairudisha kifuani, na kila mmoja akaelewa kwamba maandishi ya jana yamefunikwa.

Mzee Stoo alizikumbuka zile nyimbo. Jana, kabla hajafungua picha, alikuwa ameufungua muziki kwanza, akakaa na mikono mapajani akisikiliza. Mmojawapo ulikuwa ule ambao Mwalimu aliuimba akipiga pasi, akikosea maneno palepale kila mara. Mwimbaji wa kwenye kompyuta hakukosea. Mzee Stoo alikuwa amesema moyoni, kijana huyu Mungu ambariki.

— Hakimu, — alisema Birika kwa sauti ndogo. — Hukumu?

Hakimu alitazama kiatu alichokishika. Kilikuwa cha mtoto, kimechanika ubavuni.

— Leo mahakama haikai, — alisema.

 Mama Nakala alibaki amesimama na kikombe chake cha kutoka nyumbani, amejiona kama mgeni aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Alitaka kuaga na hakujua ageuke vipi. Ndipo akauliza, kwa nia njema tu, kama mtu anavyouliza jina la marehemu ili amwombee.

— Mimi sikumkuta. Huyo mwalimu, sauti yake ilikuwaje?



Solda, bila kuinua kichwa, akasema:

— "Tena. Taratibu."

— Nini? — aliuliza Mama Nakala.

— Ndivyo alivyokuwa akisema ukikosea kusoma. Hakugomba. "Tena. Taratibu."

— Si hivyo, — alisema Wembe. — Umeikata kama mwenye duka. Alikuwa anaivuta. "Teeena. Taratibu."

— Wewe ulikuwa unasinzia nyuma, utajua nini?

— Nilikuwa nasinzia, masikio yalikuwa wazi. "Teeena."

— Ilikuwa nzito, — alisema Birika. — Nyie mnaifanya nyembamba. Mimi alinifundisha mwaka aliokuwa na mafua muda wote. Nzito, inatokea puani.

— Mafua si sauti! — alisema Hakimu. — Mimi sikusoma kwake, lakini alileta viatu kwangu miaka kumi na tano. Alikuwa anasema, "Fundi, kisigino hiki kinanisengenya." Sauti ya katikati. Haikupanda, haikushuka. Lakini ukimaliza kumsikia unajikuta unafanya haraka.

— Katikati wapi? Ilikuwa inapanda mwishoni, kama swali!

— Haikupanda!

— Ilipanda. Hata "kaa chini" ilikuwa kama anakuuliza, ungependa kukaa chini?

— Solda, sema tena.

— "Tena. Taratibu."

— Hapana, hapana. Ongeza pumzi mwanzoni.

Walikuwa wamesahau kunong'ona. Walibishana kwa mikono na kwa mabega, kila mmoja akiitoa sauti ya Mwalimu kooni mwake kama anatoa kitu kutoka kisimani, mwingine akikitupa, akitoa chake. Wanaume wazima, mmoja ana taulo begani, mmoja ana birika, wanasema "tena, taratibu" kwa sauti za wanawake mtaani mchana kweupe. Mpita njia mmoja akasimama, akawatazama, akaharakisha.

Mzee Stoo aliwatazama midomo. Aliinua mkono.

— Haikuwa hivyo, — alisema.

Wakamgeukia wote.

— Ilikuwaje, mzee? — aliuliza Mama Nakala.

Akafungua kinywa. Aliitafuta mahali alipozoea kuiona. Alipata ndara zake zikiburuzika ukumbini. Alipata kalamu nyekundu ikikwaruza, vema, vema, kosa, vema. Alipata kikohozi cha mwezi wa mwisho, ambacho hakukitaka, nacho kilikuja kizima, hakijapotea hata chembe. Alipata ufunguo wake mlangoni. Sauti yenyewe alihisi iko palepale, nyuma ya mlango mwembamba tu, lakini kila alipoukaribia, kilichotoka kilikuwa sauti ya Solda, au ya Wembe, au ya Birika mwenye mafua.

Akafunga kinywa.

— Haikuwa hivyo, — alisema tena, polepole zaidi.

Birika, kwa kutaka kufanya chochote, akainamisha birika juu ya kikombe cha Mama Nakala. Yakatoka matone matatu na mashapo meusi. Akaitikisa. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeona ilipoishia. Kikombe pekee kilichokuwa bado kimejaa kilikuwa cha Mzee Stoo, hajakigusa tangu alipopewa. Mzee akakichukua, akamsogezea Solda.

— Kunywa.

— Mzee, mimi siwezi kunywa chako. Leo siwezi.

— Kunywa, mwanangu. Imepoa, haitakuunguza. Na zile nyimbo usizifute. Usifute kitu kingine chochote.

Solda akakipokea kwa mikono miwili. Mzee Stoo akavaa kofia, akashika ukuta, akanyanyuka.

— Jumamosi binti akishafika, akishakula, njooni nyumbani. Wote. Na wewe mama, ukiwa na nafasi, uje.

— Tuje kufanya nini, mzee? — aliuliza Wembe. — Tutamwambia nini?

— Mje mbishane. Kama hivi mlivyokuwa mnabishana. Mbele yake.

— Na wewe utasema nini?

 Kivuli cha ukuta kilikuwa sasa kimefika nusu ya barabara.

— Mimi nitakaa hapo kando, — alisema, — nitawaambia haikuwa hivyo.